Umeme wa Pikipiki za Zamani: Historia Yake, na Jinsi ya Kutafuta Kosa

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu aombwa kuandika ubaoni maneno haya kabla ya kipindi kuanza: betri, cheche, magneto, dinamo, fremu, volti.)

Ninyi mlio darasani, sogeeni karibu na redio. Na wewe usomaye maneno haya baadaye katika karatasi, soma polepole, na palipo pagumu rudia.

Somo la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya umeme ndani ya pikipiki. Huenda mtu akauliza, "Historia ya nyaya itanifaa nini?" Tuchukue mfano. Mtu ana pikipiki kuukuu ya Kiingereza, tuseme ya mwaka wa 1955. Usiku taa yake hufifia. Asubuhi injini haiwaki. Anakwenda dukani, ananunua betri mpya. Baada ya wiki mbili betri hiyo nayo haina moto. Ananunua nyingine. Fedha zimekwenda, na kosa liko palepale. Mtu huyu si mvivu wala si mjinga. Alilokosa ni jambo moja tu: hakujua pikipiki yake ni ya zama gani, na kwa hiyo hakujua cheche yake hutoka wapi.

Basi tukumbuke swali hili, maana ndilo kiini cha somo letu: Cheche inatoka wapi?

MOTO KABLA YA UMEME

Injini ya petroli hufanya kazi kwa kuunguza mchanganyiko wa petroli na hewa ndani ya silinda. Mchanganyiko huo hauwaki wenyewe, lazima uwashwe. Pikipiki ya kwanza yenye injini ya petroli ilitengenezwa Ujerumani mwaka wa 1885 na Gottlieb Daimler pamoja na Wilhelm Maybach. Fremu yake ilikuwa ya mbao, na haikuwa na umeme hata kidogo. Kilichowasha petroli ni kibomba kidogo kilichopashwa moto kwa mwali mpaka kikawa chekundu. Husimuliwa kwamba siku ya kujaribiwa kiti chake kilishika moto, kwa kuwa mwali ule ulikuwa chini yake. Hata pikipiki ya kwanza kuuzwa kwa wingi, ile ya Hildebrand na Wolfmüller ya mwaka wa 1894, ilitumia kibomba cha moto vilevile.

Mwali ulizimwa na upepo, na haukuweza kuwasha kwa wakati barabara. Watu wakatafuta cheche ya umeme.

BETRI YA RISASI

Betri ya kutiwa moto tena na tena ilikuwapo tayari. Mfaransa Gaston Planté aliivumbua mwaka wa 1859. Alichukua bamba za risasi akazitumbukiza katika maji makali, yaani asidi. Jambo la ajabu ni kwamba betri ya pikipiki ya zamani hufanya kazi kwa njia ileile ya Planté. Kila chumba cha betri hutoa yapata volti 2. Vyumba 3 hufanya volti 6. Vyumba 6 hufanya volti 12. Kwa hiyo ukitaka kujua betri ya zamani ni ya volti ngapi, hesabu vizibo vyake.

Mwaka wa 1895 kiwanda cha De Dion-Bouton cha Ufaransa kilikuwa kikitengeneza injini ndogo iliyowashwa kwa betri na koili. Koili ni nyaya nyingi nyembamba zilizozungushwa pamoja. Kazi yake ni kuukuza umeme mdogo wa betri uwe mkubwa, uweze kuruka katika plagi na kufanya cheche. Injini hii ilikwenda vizuri, lakini ilikuwa na udhaifu mmoja. Hapakuwa na kitu cha kuitia betri moto safarini. Betri ilipokwisha, safari nayo ilikwisha.

MAGNETO: CHECHE ISIYOHITAJI BETRI

Mwaka wa 1831 Mwingereza Michael Faraday aligundua kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya, umeme hutokea ndani ya waya. Juu ya ugunduzi huo kikajengwa chombo kiitwacho magneto. Injini inapozunguka, huzungusha magneto; magneto hutoa umeme wake yenyewe, bila betri.

Mwaka wa 1897 Robert Bosch wa Ujerumani aliifunga magneto katika injini ya gari dogo la magurudumu matatu. Mwaka wa 1902 fundi wake Gottlob Honold akatengeneza magneto yenye nguvu za kutosha kurusha cheche katika plagi. Baada ya hapo magneto ilienea katika pikipiki za dunia kwa miaka mingi.

Sasa tazameni faida ya kujua historia. Ikiwa pikipiki ina magneto, nayo haitoi cheche, je, betri ndiyo yenye kosa? La. Betri ya pikipiki hiyo ni ya taa na honi tu. Unaweza kununua betri 10, injini isiwake. Kosa litafutwe katika plagi, katika waya mnene wa plagi, au katika vile viguso viwili vidogo vya magneto vinavyofunguka na kufunga. Viguso vikiwa vichafu, cheche haiji. Tena kuna dalili moja maarufu: injini huwaka vizuri ikiwa baridi, lakini ikipata joto huzimika na kukataa kuwaka mpaka ipoe. Mara nyingi dalili hiyo huonyesha kwamba ndani ya magneto nyaya zimechoka au kondensa yake imeharibika. Hilo ni la fundi wa magneto, si la muuza betri.

TAA

Cheche ilipata mtambo wake, lakini taa ilibaki nyuma. Pikipiki za miaka ya mwanzo ya karne ya 20 zilitumia taa za gesi. Mwendeshaji alitia mawe ya kabaidi ndani ya chombo, maji yakadondoka juu yake, gesi ikatoka, akaiwasha kwa kiberiti.

Mwaka wa 1914 kiwanda cha Indian cha Marekani kilijaribu jambo kubwa. Kilitoa pikipiki yenye taa za umeme na mtambo wa kuwasha injini kwa umeme, bila kupiga kiki. Wazo lilikuwa jema, lakini betri za wakati ule hazikuweza kuubeba mzigo huo. Betri ziliisha moto upesi, na baada ya mwaka mmoja tu mpango ule ukaachwa. Fundisho lake lingali kweli: umeme utokao ukizidi umeme uingiao, betri yoyote itakwisha, hata iwe mpya namna gani.

Jibu lililofanikiwa ni dinamo. Dinamo huzungushwa na injini, hutoa umeme wa taa, na unaobaki huingia katika betri. Katika miaka ya 1920 kampuni ya Joseph Lucas ya Birmingham, Uingereza, iliunganisha magneto na dinamo kuwa chombo kimoja. Pikipiki nyingi za Kiingereza zilikuwa na chombo hicho. Mojawapo ni BSA M20, iliyotumiwa na jeshi la Uingereza katika vita vya 1939 hadi 1945, ambayo zilitengenezwa yapata 126,000.

Taa za Lucas zilipozimika njiani, waendeshaji wa Uingereza walitania wakamwita Lucas "Mkuu wa Giza". Mzaha huo unachekesha, lakini hautoi haki yote. Mara nyingi kosa halikuwa katika dinamo, bali katika viungo vya nyaya vilivyoshika kutu.

KWA NINI VOLTI 6 ZILISUMBUA?

Hapa tufanye hesabu kidogo. Chukueni kalamu.

Pikipiki ina taa ya mbele ya wati 30 na taa ya nyuma ya wati 6. Jumla ni wati 36. Gawanya kwa volti 6: unapata ampea 6. Betri yake ni ya ampea 12 kwa saa. Gawanya 12 kwa 6: unapata saa 2. Basi dinamo isipofanya kazi, taa hizo zitaimaliza betri kwa saa 2 katika hesabu ya karatasi, na betri iliyochakaa haitafika hata hapo.

Dinamo ya Lucas iliyotumika sana katika miaka ya 1950 ilikuwa ya wati 60. Ukitoa wati 36 za taa, zinabaki 24 za kujaza betri. Lakini wati 60 hupatikana injini ikienda kwa kasi. Mtu anayekwenda polepole mjini usiku, akisimama mara kwa mara, hutoa zaidi kuliko anavyoingiza. Betri yake hufa, ingawa hakuna kilichoharibika.

Jambo la pili. Kiungo chenye kutu huzuia umeme. Tuseme kinapoteza nusu volti. Katika volti 12, nusu volti ni sehemu 1 ya 24. Katika volti 6, ni sehemu 1 ya 12. Na mwanga wa globu hupungua upesi kuliko volti: ukipoteza nusu volti katika 6, mwanga hupungua kama robo. Kwa sababu hiyo katika pikipiki ya volti 6 usafi wa viungo ni bora kuliko betri mpya.

KUTOKA BANTAM MPAKA HONDA

Mwaka wa 1948 BSA ilitoa pikipiki ndogo iitwayo Bantam. Shirika la posta la Uingereza liliitumia kupelekea simu za maandishi. Baadhi ya Bantam za kwanza hazikuwa na betri ya kutiwa moto. Taa ya mbele ilipata umeme moja kwa moja kutoka katika mtambo wa injini. Injini ikienda polepole, taa hufifia. Ikienda kasi, taa hung'aa. Anayejua historia yake hatatafuta kosa hapo, maana hakuna kosa. Lakini ajihadhari: globu moja ikiungua, umeme wake huelekea kwenye globu iliyobaki, nayo huungua pia.

Katika miaka ya 1950 viwanda vilianza kuacha magneto na dinamo. Mahali pao pakawekwa alteneta na koili. Triumph Speed Twin ilifanya hivyo mwaka wa 1953. Umeme wa alteneta huenda mbele na kurudi nyuma, nao hauwezi kuingia katika betri hivyo. Lazima upitie chombo kiitwacho rektifaya, kinachouelekeza upande mmoja. Badiliko hili lilipunguza gharama, lakini liliirudisha cheche kwenye utumwa wa betri, kama katika siku za De Dion. Watengenezaji walilijua jambo hilo. Katika swichi za pikipiki nyingi za aina hiyo kuna herufi EMG. Betri ikiwa imekufa, mwendeshaji huigeuza swichi hapo, hupiga kiki, na alteneta hupeleka umeme kwenye koili. Injini ikiisha kuwaka, swichi irudishwe mahali pake pa kawaida.

Katikati ya miaka ya 1960 pikipiki kubwa za Kiingereza zilihamia volti 12. Wajapani walikuwa wametangulia kuutumia umeme kwa ujasiri. Honda ilitoa Super Cub mwaka wa 1958, na muda mfupi baadaye ikauza namna yake yenye kuwashwa kwa kubonyeza kitufe. Mwaka wa 1969 Honda CB750, yenye silinda 4 na volti 12, ilionyesha kwamba yale yaliyoshindikana mwaka wa 1914 sasa yamewezekana.

KUTAFUTA KOSA KWA UTARATIBU

Sasa turudi kwa mtu wetu wa mwanzo na betri zake mbili. Afanye nini? Afuate hatua hizi, moja baada ya nyingine, asiruke.

Hatua ya kwanza: ajue zama za pikipiki yake. Ni ya magneto, au ya betri na koili? Ni ya volti 6, au 12? Tena atazame ni upande gani wa betri uliofungwa kwenye fremu. Katika pikipiki nyingi za Kiingereza za miaka ya 1950 na 1960, upande wa kujumlisha (+) ndio uliofungwa kwenye fremu. Katika pikipiki za Kijapani ni upande wa kutoa (–). Mtu akiigeuza betri katika pikipiki ya alteneta, rektifaya yaweza kuungua mara moja.

Hatua ya pili: aitazame betri. Bamba zifunikwe na maji. Yakipungua, aongeze maji safi ya betri peke yake, asiongeze asidi. Zamani vitabu vya viwanda viliagiza asidi nyepesi zaidi kwa nchi za joto, maana joto huila betri. Betri ya volti 6 iliyojaa na kutulia huonyesha kama volti 6.3. Betri iliyoachwa bila moto kwa miezi mingi hugandwa na chumvi nyeupe juu ya bamba, na mara nyingi haiponi tena.

Hatua ya tatu: asafishe viungo, hasa pale waya wa betri unapofungwa kwenye fremu. Rangi na kutu vikwanguliwe mpaka chuma king'ae. Kuna jaribio rahisi. Washa taa, kisha chukua waya mzuri. Ncha moja iguse ule upande wa betri uliofungwa kwenye fremu, na ncha nyingine iguse kikombe cha chuma kinachoshika globu. Taa ikiongeza mwanga, kosa liko katika njia ya fremu. Umelipata bila kununua kitu.

Hatua ya nne: atafute umeme unaovuja. Pikipiki ikiwa imezimwa, afungue waya mmoja wa betri, aweke globu ndogo kati ya waya huo na betri. Globu ikiwaka hata kwa mbali, umeme unavuja usiku kucha. Huenda waya umechubuka chini ya tangi, au vile viguso vya kisanduku kinachosimamia dinamo vimeshikana. Pikipiki nyingi za wakati ule hazikuwa na fyuzi hata moja, kwa hiyo waya uliochubuka waweza kuleta moto. Kufunga fyuzi karibu na betri ni kazi ndogo yenye faida kubwa.

Hatua ya tano: aangalie kama umeme unaingia. Injini ikienda kwa kasi ya wastani, volti za betri ya 6 zipande kufikia 7 hivi. Zisipopanda, atazame brashi za kaboni ndani ya dinamo kama zimekwisha. Au ikiwa ni alteneta, atazame rektifaya na viungo vyake.

Mtu wetu akifuata hatua hizi, huenda akagundua kwamba betri zake zote mbili zilikuwa nzima. Palipokuwa na ugonjwa ni kiungo kimoja chenye kutu, au brashi iliyokwisha. Ndiyo maana wazee walisema kuuliza si ujinga. Hata mashine huulizwa, nayo hujibu, mradi uulize kwa utaratibu.

TAHADHARI

Betri inapotiwa moto hutoa gesi inayoweza kulipuka. Usivute sigara karibu nayo, na usilete mwali wa moto kutazama maji yake. Asidi ikikurukia, osha kwa maji mengi safi. Ikiingia jichoni, osha kwa muda mrefu, kisha nenda hospitali bila kukawia. Unapofungua betri, anza na waya wa fremu. Unapofunga, maliza na huo. Na betri iliyokufa usiitupe uani. Risasi ni sumu, na watoto ndio huumia kwanza. Ipeleke kwa wanaonunua betri kuukuu ili zitengenezwe upya.

Wasikilizaji, viwanda vingi tulivyovitaja vimefungwa. BSA ilianguka mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kiwanda cha Triumph cha Meriden kilifungwa mwaka wa 1983. Lakini pikipiki zao zingali zikitembea, kwa sababu wako watu wanaojua kuzisoma. Nanyi mnaojifunza kusoma herufi mwaweza kujifunza kusoma nyaya pia. Mwanzo wake ni swali lile lile: Cheche inatoka wapi?



MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini betri mpya haiwezi kuiponya pikipiki ya magneto isiyotoa cheche?
2. Pikipiki ya Indian ya mwaka wa 1914 ilishindwa kwa sababu gani?
3. Taa ya wati 24 inatumia betri ya volti 6. Inachukua ampea ngapi? Ikiwa betri ni ya volti 12, taa ya wati hizo hizo itachukua ampea ngapi?
4. Taa ya Bantam isiyo na betri inafifia injini ikienda polepole. Je, ni kosa? Eleza.
5. Taja hatua tano za kutafuta kosa kwa mfuatano wake.